Nilipotoka kwenye shangingi nikaingia kwenye V8

Staita ya shangingi letu, Land Cruiser la zamani, ilikufa Aprili 2014, nikiwa shambani Kilolo na mvua inanyesha. Vijana waliokuwa wanachimba viazi wakalisukuma gari kwenye mteremko, nikatia gia ya pili, nikaachia klachi, likawaka. Sikulizima mpaka Iringa mjini. Kesho yake fundi wetu wa siku zote alijilaza chini ya gari, akaifungua staita, akabadilisha kaboni na bushi moja, akairudisha. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa njiani kurudi shamba.

Staita ya V8, Land Cruiser la kisasa zaidi nililolinunua baadaye, ilipokufa mwaka 2021, gari lilikaa uani siku tano. Gia zake ni za kujibadilisha zenyewe, kwa hiyo hakuna cha kusukuma. Fundi yule yule alifungua boneti, akainama, akazunguka upande wa pili, akainama tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, staita ya hili iko wapi?" Iko katikati ya injini, kwenye bonde lililo kati ya safu mbili za silinda, chini ya manifoldi, lile bomba la kugawia hewa kwenye silinda. Ili uifikie unafungua mabomba ya hewa, nyaya, manifoldi na gasketi zake, na gasketi hizo hazirudishwi, unanunua mpya. Kifaa kilichoharibika kilikuwa cha kawaida kabisa. Nilicholipia zaidi ni njia ya kukifikia.

Nilikaa na shangingi miaka mingi. Ni Land Cruiser ya mfululizo wa 80, injini ya dizeli 1HZ, lita 4.2, silinda sita kwenye mstari mmoja, haina tabo (turbo). Marehemu mume wangu alilinunua likiwa limeshatumika, na alipofariki likabaki kwangu pamoja na shamba la viazi na miche ya parachichi. Nilijifunza kulitunza kwa lazima. Nilijua asubuhi za baridi za Juni taa ya hita inasubiriwa mara mbili ndipo uwashe. Nilijua mlio wa feni beliti iliyolegea. Hewa ikiingia kwenye dizeli nilijua kuibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu.

Kilichoniondoa pale ni mgongo wa mama yangu. Alianza kuhudhuria kliniki Dodoma kila baada ya miezi miwili, na kutoka Iringa hadi Dodoma kupitia Mtera ni kama kilomita 260. Barabara ni ya lami, lakini springi za shangingi ni ngumu na kelele ya injini inaingia ndani. Mama hakuwahi kulalamika. Alikuwa anashuka ameshika mlango kwa mikono miwili na kusimama kidogo kabla ya kutembea, na hilo lilinitosha.

Mwaka 2019 mradi mmoja ulifunga shughuli zake huku kwetu ukauza magari kwa mnada. Nikapata V8 ya 2013, yaani mfululizo wa 200, ya dizeli. Watu waliniuliza kwa nini sikuagiza Japani kama wengine. Mfululizo wa 200 uliouzwa ndani ya Japani ulikuwa wa petroli tu, na mimi dizeli ndiyo ninayoiweza kwa safari zangu. Halafu kuna ile tozo ya uchakavu kwa gari lililozeeka, ambayo kwa injini kubwa kama hii inauma kweli.

Gari lenyewe ni zuri, na nalisema hilo kwa moyo mweupe. Safari ya kwanza ya Dodoma mama alilala kuanzia Migoli. Kupanda Kitonga nilikozoea kukaa nyuma ya malori na gia ya pili, sasa ninapita panapokuwa na nafasi salama na injini haihemi. Kama ningekuwa ninaishi mjini na kutembea kwenye lami tu, pengine nisingekuwa na la kuandika.

Shida ya kwanza ilikuja na mafuta. Tulikuwa tunarudi kutoka Dodoma, nikajaza kwenye kituo kidogo cha njiani kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Hatukufika mbali, taa ya injini ikawaka na gari likakata nguvu. Ukikanyaga haliitiki. Tulitambaa nalo mpaka nyumbani, mama nyuma amejifunika kanga, mimi nikiomba lisizimike porini. Na ningefanya nini? Hata kama ningefungua boneti, hapakuwa na kitu ambacho mkono wangu ungekigusa kikasaidia.

Watanzania tunaijua habari ya kuchakachua. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalichanganywa kwenye dizeli kwa sababu yalikuwa na bei ndogo, mpaka serikali ikaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Shangingi lilipita kipindi kile chote. Pampu yake ni ya kimekanika, nozeli zake, vile vipulizia vya dizeli kwenye silinda, zinavumilia, na zikichoka fundi pampu wa mjini anazipima na kubadilisha ncha. V8 haina uvumilivu huo. Dizeli inasukumwa kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, na nozeli zinafunguka na kufunga kwa umeme kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Tone la maji au vumbi usiloliona kwa macho linatosha kuzila.

Gereji ya kwanza niliyoipeleka haikupima kitu. Waliniambia pampu kubwa imekufa, niagize nyingine. Bei waliyonitajia ilinikosesha usingizi. Nashukuru sikuilipa. Kuna kijana mmoja, fundi umeme wa magari aliyesoma VETA, nilielekezwa kwake na muuza spea. Alichomeka mashine, akasoma, kisha akafanya jambo ambalo nimelikumbuka mpaka leo: alichukua vichupa vinane vya plastiki, akaunganisha kila nozeli na chupa yake, akawasha injini. Mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli nzima ni machache na yanalingana. Chupa mbili zilijaa haraka kuliko nyingine. Pampu ilikuwa nzima. Nozeli mbili ndizo zilizokufa, na filta ilikuwa na maji.

Hata nozeli mpya haifungwi tu ukaondoka. Kila moja ina namba iliyochapwa kichwani, na namba hiyo inaingizwa kwenye kompyuta ya gari ili ijue kiasi gani cha kuifungulia. Nozeli mbili hizo zilinigharimu kuliko nilivyowahi kulipia zote sita za shangingi.

Basi nikakaa chini na kufikiri namna ya kuishi na gari hili, maana kuliuza ningepata hasara na mama angerudi kwenye springi ngumu. Nikaanza na lile ambalo gari lenyewe limenipa. V8 yangu ina matangi mawili, la lita 93 na la lita 45. Nikijaza yote Iringa ninakwenda Dodoma, ninarudi, na bado ninapanda Kilolo bila kugusa kituo kingine. Ninajaza kwenye vituo viwili tu, vile ambavyo malori yanapanga foleni kila siku, kwa sababu mafuta hayakai muda mrefu kwenye matangi yao, na risiti ninazitunza. Yule kijana akanifungia filta ya ziada yenye kikombe cha kutenganisha maji kabla ya filta ya gari. Kila mwisho wa mwezi ninafungua koki ya chini mwenyewe na kumwaga kwenye chupa ya maji safi, ninaiacha itulie, ninaangalia. Filta ninabadilisha mapema, sisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, kwa sababu kitabu hakikuandikwa kikifikiria vumbi letu.

Nikanunua pia mashine ndogo ya kusomea makosa, ile inayochomekwa chini ya usukani na kuonyesha kwenye simu. Siitumii kufuta taa. Ninasoma namba, ninaiandika kwenye daftari pamoja na tarehe na mahali nilipokuwa, ndipo ninampigia fundi. Tangu nianze kufanya hivyo hakuna aliyenitajia spea kubwa kwa kukisia, kwa sababu nikifika ninaanza na daftari.

Fundi wangu wa zamani sikumwacha. Nilimkutanisha na yule kijana, na nilikuwa na wasiwasi kidogo, maana mzee ana heshima yake mjini. Ile staita waliifungua wote wawili, kijana akiwa na michoro kwenye simu, mzee akipanga boliti kwenye mabati kwa mpangilio wake ili zisichanganyike. Siku ya tatu mzee aliniambia, "Mama, mikono yangu bado inafaa. Kilichobadilika ni kwamba hili lazima liulizwe na mashine kwanza, ndipo mimi niliguse." Siku mbili zilizobaki tulisubiri gasketi kutoka Dar es Salaam.

Kusubiri spea ndiko kunakochosha zaidi. Vitu vya shangingi nilivipata Iringa, na nikikosa, injini kama yake imefungwa pia kwenye mikonga, yaani Land Cruiser za mfululizo wa 70, iliyojaa mashambani na kwenye misioni, kwa hiyo kuna mtu mwenye kipuri au anayejua kilipo. Vya V8 vingi vinatoka Dar, na ukitaka vya mtumba inabidi uwe na mtu wa kuaminika Shauri Moyo, Ilala, atakayekwenda kuangalia kwa macho. Tairi nazo hivyo hivyo: shangingi langu lilitumia ringi 16 kama mkonga, V8 ina ringi 18 za 285/60, na duka linalouza tairi za trekta na pikipiki pale kijijini halina hata moja.

Miguu ya mbele inahitaji jicho pia. Shangingi lina ekseli moja nene toka tairi hadi tairi. V8 kila tairi linajitegemea, ndiyo sababu mama analala, lakini huko juu kwenye mawe na makorongo, bushi na boljointi zinaliwa. Ninazikagua kila baada ya masika.

Yapo mambo mengine ambayo hayahusu chuma. Bima, kwa thamani ya gari hili, sikuthubutu kukata ndogo, nikakata kubwa. Vioo vya pembeni na taa nilichonga namba za gari kabla ya kwenda Dar, kwa kuwa wezi wanazipenda. Ukimya wa injini nao ulinidanganya: kwenye kibao cha 50 nilikuwa ninatembea 72 na kuona kama ninatambaa, tochi ikaninasa, nikalipa 30,000. Ilikuwa haki, pale wanavuka watoto wa shule.

Lililoniumiza ni jinsi watu walivyoanza kuniona. Huku kwetu V8 ni gari la mkubwa. Kadi za michango ya harusi zikaanza kuja na kiasi ambacho sikuwahi kuombwa nilipokuwa kwenye shangingi. Vibarua niliofanya nao kazi miaka mingi wakaanza kuniamkia kwa kuinama na kutaka bei nyingine. Sikuwalaumu. Niliwaeleza waziwazi kwamba gari nimelinunua kwa ajili ya mama, na kwamba viazi bei yake ni ile ile wanayoijua. Kisha nikaacha kwenda nalo shamba.

Ndiyo maana shangingi halijauzwa. Mnunuzi alikuja na fedha mkononi, wiki ile ile V8 ilipokuwa uani imefunguliwa manifoldi, na asubuhi hiyo nilikuwa nimetumia shangingi kupeleka magunia sokoni. Nikamwomba radhi na nauli yake nikamrudishia. Sasa shangingi ni la Kilolo na V8 ni ya Dodoma. Najua si kila mtu ana nafasi ya kutunza magari mawili, na kwangu pia ni mzigo, lakini kila moja limepunguziwa kazi isiyo yake.

Mwezi uliopita shemeji yangu wa Njombe alinipigia. Ana la mfululizo wa 100 na anataka kuruka moja kwa moja mpaka 300, lile lililotoka 2021, ambalo halina tena V8, dizeli yake ni V6 ya lita 3.3 yenye tabo mbili. Alitaka nimwambie kama nguvu inatosha. Nguvu inatosha, nikamwambia, hilo lisikusumbue. Amchukue fundi anayemwamini pale Njombe, waende wote kwenye gari, afungue boneti mbele yake amwonyeshe staita iko wapi na nozeli zinatolewaje, na mashine ya kulisoma gari hilo nani anayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shemeji, sikuwa nimefikiria hilo." Bado hajanunua.

Alhamisi tunakwenda Dodoma tena. Matangi nimejaza jana, kikombe nimekimwaga na maji hayakuwemo, daftari liko mfukoni mwa mlango. Mama ameshaniambia mto wake usisahauliwe kama safari iliyopita.