Mtambo wa laki na nusu

Jana mdogo wangu kahamia kwangu na mabegi yake matatu, ikabidi nimpishe kile chumba cha nyuma ambacho kwa miaka miwili nimekuwa nakiita stoo ya bia, wakati bia iliyotoka humo hata kreti mbili haifiki. Nimeanza kutoa vitu kimoja kimoja naviweka kibarazani, na kila nikitoa bei yake inanijia yenyewe, kichwa kimegeuka risiti. Koili ya shaba, laki na nusu. Boksi tupu la refraktometa, kile cha kupimia sukari, elfu 70. Lile lichupa la kioo la lita 23 ambalo sijalitumia hata siku moja kwa kuogopa litanipasukia miguuni, na hilo bei sisemi maana mama husoma huku.

Na mimi ni mtu wa Rombo jamani. Kwetu pombe ni kazi ya nyumbani kama kufua. Bibi alikuwa anapika mbege ya kuuza, ndizi mbivu zinachemka siku nzima mpaka zinakuwa nyekundu, zinakaa siku kadhaa zinachacha zinakuwa nyaki, anachuja, halafu anachanganya na uji wa ulezi uliooteshwa, na gome la msesewe la kutia uchungu. Kesho yake watu wanakunywa. Vyombo vyake vilikuwa sufuria kubwa, pipa, kitambaa cha kuchujia na kata, basi. Kipimajoto chake kilikuwa mkono wake, anautia kwenye uji anausikilizia, kama hajaridhika anatuambia subirini. Sikumbuki hata siku moja kumsikia anasema kuna kifaa kimepungua.

Ila mimi nikiwa Dar nikajiona mjanja, nikataka bia ya chupa, na wine ya rozela ya kumwaga kwenye glasi watu waseme eeeh. Nikaanza kuangalia video YouTube usiku kucha, wale wazee wa Marekani wenye ndevu wanapikia bia kwenye gereji, na kila mmoja ana koili. Nikaamini shida yangu ni koili. Nikaagiza kwa wakala wa kago, ikatoka Guangzhou na meli, nikaisubiri karibu miezi miwili kama mtu anasubiri mchumba.

Niwaeleze kazi yake kwa ambao hawajui. Ukishachemsha kimea na hopsi (maua ya kutia uchungu, kama msesewe wa bibi) unabaki na togwa ya moto kabisa (wao wana jina lao, mimi naita togwa), na huwezi kutia hamira humo itakufa. Inabidi ipoe mpaka nyuzi 20 hivi, na ipoe haraka kabla vijidudu vya hewani havijaiingilia. Sasa koili unaizamisha kwenye sufuria, unaunga mpira kwenye bomba, maji baridi yanapita ndani ya shaba yanabeba joto yanatoka upande wa pili. Kwenye video dakika 15 kazi imekwisha, yule mzee anapiga makofi.

Hakusema popote maji ya bomba lake yana nyuzi ngapi. Na mimi sikujiuliza! Maji yangu yanatoka kwenye tanki jeusi lililo juu ya paa, na hiyo ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana mwezi wa pili. Nikapima baadaye sana, hasira zikiwa zimeshashuka, nyuzi 34. Maji ya nyuzi 34 hayawezi kupoza kitu kikafika 20 hata ukiyapitisha kwenye dhahabu, hilo hata mtoto wa darasa la nne anajua, lakini mimi nilisimama pale karibu saa nzima naangalia kipimajoto kimeganda kwenye 38, maji yanamwagika uani, na wiki hiyo mgao ulikuwa umekata toka Jumatano. Nusu ya tanki imekwenda. Jioni tukanunua maji ya bowzer ya kuogea, shemeji yangu akaniangalia tu hakusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko angesema.

Halafu ndio nikafanya kosa lingine, nikaiosha koili nikaitundika kwenye kamba ya nguo ikauke. Uani. Pembeni ya sufuria la lita 50 na pipa la bluu.

Kesho yake asubuhi hodi, mjumbe wa shina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Hamjambo humu?"

"Hatujambo mzee, karibu."

Hakukaa. Macho yako kwenye kamba. "Binti, mimi nimeambiwa hapa kuna mtambo."

Kwa wasioelewa, mtambo maana yake mtambo wa gongo. Na kusema kweli ukiangalia vizuri nani angemlaumu, gongo nayo inapikwa hivyohivyo, pipa la pombe juu ya moto, mvuke unapita kwenye bomba la shaba lililozamishwa kwenye maji, unapoa, unadondoka matone. Kitu kinachonitofautisha mimi na mhalifu ni kwamba mimi maji yanapita ndani ya bomba na pombe iko nje, yeye pombe iko ndani na maji yako nje. Jaribu kumweleza hilo mjumbe Jumapili asubuhi ukiwa umevaa kanga. Nilimtolea kopo la kimea, pakiti ya hopsi, nikamwonyesha na video kwenye simu, mzee wa ndevu anapiga makofi. Akatazama mpaka mwisho. Akaniuliza, "Sasa hiyo bia yako wewe iko wapi?" Ikabidi nimwambie ukweli kwamba haijatokea. Nadhani ndio kilichoniokoa, alinihurumia. Toka siku hiyo koili haikutoka tena chumbani mpaka mdogo wangu alipokuja.

Refraktometa ndio iliniumiza zaidi kwa sababu yenyewe siyo mbovu, mbovu nilikuwa mimi. Ni kama darubini ndogo, unadondoshea tone moja kwenye kioo unaangalia kwenye mwanga, inakusomea sukari kwa vipimo vya briksi. Kitamu sana kukitumia unajiona mwanasayansi. Nilitengeneza wine ya rozela, lita 10, sukari kilo mbili na nusu kasoro kidogo, nikapima, 22. Safi kabisa. Nikatia hamira, siku mbili povu linapanda, napima inashuka, 17, 13, 10. Halafu ikafika 8 ikagoma. Siku ya kwanza 8. Siku ya tatu 8. Nikasema hamira imekufa nikaongeza hamira. 8. Nikaongeza tena na zabibu kavu maana nilisikia zinaipa hamira nguvu. 8. Na kila siku nafungua ndoo kupima, asubuhi na jioni, nikitoka kazini hata mkoba sijaweka chini nimeshika ile darubini.

Kumbe ile kitu inapima jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye maji yenye sukari, na pombe nayo inaupinda mwanga. Kwa hiyo pombe ikishaingia kipimo kinakudanganya, kinakwambia sukari bado ipo wakati ilishaliwa yote, na kuna hesabu maalumu ya kusahihisha ambayo kwenye boksi haikuandikwa. Wine yangu ilikuwa imeiva siku nyingi. Nilijua nilipoazima hadromita ya kioo, ile ya kuelea, ikasoma 0.996, nyepesi kuliko maji matupu, yaani hakuna sukari humo. Ila mpaka nakuja kujua, kufunguafungua kote kule kumeshaingiza hewa na vile vinzi vidogo vya matunda, na harufu ilianza kupanda puani ile ya kachumbari. Lita 10 za siki. Siki nzuri tu, nakiri, nyekundu, nimeilia saladi mwaka mzima na majirani nimewagawia, lakini aliyenyweshwa hakuna.

Refraktometa nimempa shemeji. Yeye ana meza ya machungwa, anakamua tone anawaonyesha wateja, na anasema inamletea watu. Kwa juisi mbichi kumbe iko sahihi kabisa. Kwa hiyo elfu 70 yangu inafanya kazi, tena kila siku, ila kwa mtu mwingine.

Vingine nivipitie haraka. Kapa ya kubana vizibo, ile ya mikono miwili, imevunja shingo za chupa tatu na kunikata kidole kimoja. Ile stika ya kipimajoto ya kubandika kwenye ndoo inaishia nyuzi 28, na chumba changu hakijawahi kushuka huko, kwa hiyo toka nimeibandika ni nyeusi tu haisomi kitu. Eyaloki, kile kidude cha kutoa mapovu, kilikaa kimya siku nne nikadhani pombe imekufa, kumbe mfuniko wa ndoo haukuwa na mpira gesi inapitia pembeni. Hadromita yangu mwenyewe ilikuja nzima kutoka China na ikavunjika ikitoka mezani kwenda kwenye sinki. Na hata ile ya kuazima imetengenezwa kwa ajili ya nyuzi 20, kwa joto letu inasoma chini kidogo, pointi mbili tatu, si nyingi ila unaona jinsi kila kitu kinadhani ninaishi kwingine.

Kilichofanya kazi mpaka sasa ni dumu. Dumu la njano la lita 20 la mafuta ya kula, jipya, elfu saba. Waaustralia ambao nao maji kwao huwa ni tabu walishaacha mambo ya koili siku nyingi, wanamimina togwa ikiwa bado ya moto kwenye dumu la plastiki ngumu, wanakamua hewa wanafunga, ule moto wenyewe unaua vijidudu, wanalala, kesho imepoa wanatia hamira. Nilipolisoma hilo nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Na hamira nayo nimebadilisha, kuna ya Norway inaitwa kveik, wakulima wa huko walikuwa wanaikausha kwenye mashada ya vipande vya mbao wanaitunza mwaka hadi mwaka, na yenyewe inapenda joto, nyuzi 35 kwake ndio starehe. Rafiki kaniletea pakiti mbili akirudi likizo. Nikatia, nikafunga chumba, nikaenda kazini. Hiyo ndio bia yangu ya kwanza ambayo mtu aliomba ya pili.

Nilimpigia bibi kumwambia. Nikamweleza yote, Norway, mbao, joto. Akaniuliza hizo mbao wanaziosha kwa sabuni? Nikasema nadhani hapana. Akasema eeh, pipa halioshwi kwa sabuni. Kisha akauliza mdogo wangu kama anakula.

Basi leo mchana kapita yule kijana wa chuma chakavu na mkokoteni wake, nikamwita. Lichupa la kioo kalikataa. Koili kaitundika kwenye mzani wake, kilo mbili na kidogo, akanipa elfu 30, nikapokea bila kubishana. Akawa anaizungusha mikononi anaitazama vile ilivyosukwa.

"Dada, hii ya gongo hii eeh?"

Nikamwambia ndio.