Pikipiki ilikuwa inadunda mbele: nilivyoitatua bila kununua shokapu mpya

Ukishika breki kwenye mteremko wa Goba, mbele inazama yote. Ukivuka tuta, usukani unadunda mara mbili tatu ndipo utulie. Ukiwa na abiria ndiyo balaa zaidi, kwenye kona pikipiki inataka kukutupa nje. Mafundi wa mtaani wakasema nibadilishe shokapu zote. Kwao kila ugonjwa dawa yake ni spea mpya.

Nilianza nyuma kwa sababu ni bure. Chini ya springi kuna ringi yenye ngazi. Ukiizungusha, springi inabanwa. Nikapandisha ngazi moja, kushoto na kulia sawasawa.

Kazi kubwa ilikuwa mbele. Tulipofungua, mafuta yalitoka meusi, mepesi kama maji, na sili moja (mpira unaozuia mafuta yasivuje) ilikuwa imechanika mdomo. Kariakoo nikachukua sili mpya na mafuta ya shokapu ya 15W badala ya 10W, yaani mazito zaidi. Mafuta mazito hupita polepole kwenye vitundu vya ndani, kwa hiyo shokapu inarudi taratibu badala ya kuruka. Nilipima kwa bomba la sindano la duka la dawa, kila mguu wa shokapu ya mbele ujazo ule ule ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Fundi alitaka kukadiria kwa macho, nikamkatalia.

Kisha nikafunga kamba ya plastiki kwenye bomba la shokapu ya mbele ili ionyeshe inazama kiasi gani, nikakaa juu ya pikipiki. Shokapu ilizama chini kidogo ya theluthi ya urefu inaoweza kuzama, maana yake springi bado zina nguvu.

Sasa usukani unadunda mara moja na kutulia. Nikipakia abiria mzito, napandisha ngazi nyingine nyuma.