Aliyechora sura ya dola moja alikufa na madeni

Boksi ninalobeba hapa Boston ni kuegesha magari ya wageni hotelini, zamu ya usiku. Bakshishi huja kwa noti za dola moja moja, nyingine zimekunjwa utadhani tiketi ya daladala. Nikifika chumbani nazinyoosha juu ya goti. Miaka miwili nimehesabu sura ya George Washington bila kujiuliza nani aliichora.

Ni Gilbert Stuart, mzaliwa wa Rhode Island, 1755, baba yake akisaga ugoro. Mwaka 1775 alikwenda London, na boksi lake la kwanza lilikuwa kupiga kinanda kanisani. Baadaye akapokelewa na Mmarekani mwenzake aliyetangulia, mchoraji Benjamin West. (Kila mmoja wetu huku ana West wake; wangu alinilaza kwenye kochi miezi minne.) Mwaka 1782 picha ya bwana anayeteleza juu ya barafu ikamtoa. Wateja wakajaa, naye akatumia kuliko alivyoingiza. 1787 akawakimbia wadai, akahamia Dublin, na huko nako yale yale. 1793 akarudi Marekani na hesabu moja kichwani: nikimchora Washington, deni kwisha.

Akamchora. Picha ya 1796 ndiyo iliyomo kwenye dola moja, ila kwenye noti sura imegeuzwa kama ya kioo. Tazama mdomo ulivyobana; mzee alikuwa na meno ya bandia. Martha, mke wa Washington, aliitaka, Stuart akajibu bado haijaisha, na mpaka leo haijaisha. Nadhani ni makusudi. Mtaji huo, autoe vipi? Alikaa nayo akanakili makumi ya picha, kila moja dola 100, akiziita noti zake za dola mia.

Zangu ni za moja. Nilipokwenda Dar na bunda lake, dada wa dirisha la kubadilishia fedha alizisukuma kwa kidole: "Hizi ndogo bei yake ya chini, kaka."

Stuart alifia hapa hapa Boston, 1828, bado anadaiwa. Akazikwa kwa bei nafuu kwenye makaburi ya Boston Common. Miaka baadaye familia ikapata ahueni, wakataka kumhamishia Newport, Rhode Island, hakuna aliyekumbuka kaburi lilipo. Yumo humo. Alfajiri nikitoka zamu napita kando ya uzio ule, mfuko umetuna, mkono juu yake.