Nilivyopima stadi za kidijitali za wafanyakazi bila kumtia mtu aibu

Waajiri wengi wanaoniita huwa tayari wana jibu: "Watu wetu hawajui kompyuta, tuandalie mafunzo." Nami, kabla sijaandaa chochote, huuliza: hawajui kufanya nini? Hapo wengi hunyamaza. Mmoja atataja ripoti zinazochelewa, mwingine barua pepe zisizojibiwa, lakini ni nadra kumpata aliyewahi kuketi pembeni ya mfanyakazi akamtazama anavyoifanya kazi yenyewe.

Mwajiri ninayemsimulia hapa alikuwa na ofisi, ghala na kikosi cha mafundi wanaofuata wateja. Idara yake ya rasilimali watu ilikuwa imeshagawa dodoso la kujipima, kuanzia 1 hadi 5, na karibu kila mtu alijipa 4. Sikushangaa. Mwaka 1999 wanasaikolojia David Dunning na Justin Kruger walionesha kwamba asiye na ujuzi wa jambo mara nyingi hukosa pia kipimo cha kujua kwamba hana. Ila kwangu mimi kuna sababu nyingine nzito kuliko hiyo: mtu anayehofia kibarua chake hawezi kuiandikia ofisi kwamba hajui.

Kwa hiyo niliweka masharti. Matokeo ya mtu mmojammoja yabaki kati yangu na yeye, uongozi upewe picha ya idara tu. Tena yasiguse tathmini ya utendaji, wala kupandishwa cheo, wala kupunguzwa kazini. Meneja alisita, alisema yeye ndiye anayelipa, ana haki ya kujua. Nikamwambia atapata orodha ya kazi zinazowashinda watu, si orodha ya watu. Mwishowe alikubali, akalitamka mwenyewe mbele ya wafanyakazi, kisha akakubali kupimwa wa kwanza. Hilo la kupimwa wa kwanza lilifungua milango mingi kuliko maneno yangu yote, maana kila mtu alijua kwamba barua pepe za meneja huchapishwa na katibu muhtasi ndipo azisome.

Kama dira nilitumia DigComp, mfumo wa Tume ya Ulaya unaoorodhesha stadi za kidijitali, uliotoka mwaka 2013; mimi nilitumia toleo la 2.2 la mwaka 2022. Unagusa maeneo matano: taarifa na data, mawasiliano na ushirikiano, kuunda maudhui, usalama, na kutatua matatizo. Mwaka 2018 UNESCO iliongeza stadi za kuendesha vifaa na programu zenyewe, pamoja na zile za fani ya mtu, na nyongeza hiyo naithamini sana, kwa sababu watu wazima wengi hukwama palepale kwenye kifaa. Lakini sikumpa mfanyakazi yeyote orodha hiyo. Ni ya kunikumbusha mimi nisiruke eneo, hasa usalama.

Kipimo chenyewe kilikuwa kazi yao ya kila siku. Ghalani nilisema: fungua barua pepe, pakua orodha ya mzigo, rekebisha idadi, hifadhi, mtumie msimamizi. Mama mmoja mzoefu alipakua, akalitafuta faili, asilione, akarudi kwenye barua pepe na kupakua upya. "Mwalimu, hivi faili hili huwa linakwenda wapi?" Tukafungua pamoja folda ya vipakuliwa. Orodha ileile ilikuwa imejaa humo, kila nakala na namba yake kwenye mabano mwishoni mwa jina. Marekebisho ya jana yalikuwa kwenye nakala moja, ya juzi kwenye nyingine. Zile tofauti za hesabu za stoo ambazo uongozi uliziita uzembe zilikuwa zimelala mle ndani.

Kwa mafundi hali ilikuwa nyingine. Vijana wepesi wa simu, wanaotuma picha na ramani bila kufikiri, walijumlisha kwa kikokotoo kilichokuwa mezani halafu wakaandika jibu kwenye kisanduku cha Excel, programu ambayo ingewajumlishia yenyewe kwa fomula. Siku hizi nikiona kikokotoo kando ya kompyuta, najua pa kuanzia. Wepesi wa simu huwadanganya waajiri wengi. Simu humfichia mtu folda, na humfichia hesabu.

Tukaja kwenye nywila. Zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi, zamu nzima ikitumia moja. Uongozi ulitaka niwafundishe usalama. Nilipochunguza nikakuta kanuni yao inamlazimisha kila mtu kubadili nywila kila mwezi, ilhali NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri tangu 2017 kuacha kulazimisha mabadiliko ya ratiba pasipo dalili kwamba nywila imevuja. Hapo hakukuwa na somo la kufundisha. Niliomba kanuni ibadilishwe, kila mtu awe na akaunti yake na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili kama msimbo wa simuni, ikafanyika. Naliweka wazi kwa kila mwajiri: si kila udhaifu dawa yake ni mafunzo.

Mafunzo yaliyohitajika yalikuwa mafupi, ndani ya saa za kazi, kwenye mashine zao na mafaili yao. Kila kitengo kilimchagua msaidizi, na wote walimtaja mtu ambaye tayari walikuwa wakimkimbilia. Msaidizi nilimpa amri moja: mausi usiishike. Eleza, onesha kwa kidole, subiri. Kusubiri ndiko kulikowashinda wengi.

Baada ya wiki kadhaa nilirudia kazi zilezile kwa mafaili mapya, nikitazama tu. Ghalani orodha ya mzigo sasa ni moja, iko kwenye folda ya pamoja, na kila anayeigusa anaonekana. Mafundi wengi wanaandika fomula. Ambao bado hatujawafikia ni wa zamu ya usiku, kwa kuwa vipindi vyote vilipangwa mchana na hakuna anayetaka kuwalipa saa za ziada wabaki asubuhi. Nimependekeza msaidizi mmoja ahamishiwe usiku kwa muda, na meneja ameahidi kunijibu.