Anayepigwa ndiye anayelibeba pigano

Jumapili, saa nne usiku. Nimeoga mara mbili na bado maranda yananidondoka kutoka masikioni. Leo tumemaliza kurekodi pigano la godauni la filamu yetu. Ni sekunde 40 tu, na zimetula Jumapili tatu.

Matumizi ya leo ni shilingi 78,000. Chakula elfu 30, nauli elfu 20, mlinzi wa godauni elfu 15, turubai la kukodi elfu 13. Maranda tulipewa bure na mafundi seremala wa Keko, magunia 11. Tuliyamwaga sakafuni, tukatandika turubai juu yake, likawa ndilo godoro letu. Kamera ni hii simu ninayoandikia.

Utotoni, kule Temeke, tulikuwa tunabanana kwenye kibanda umiza kutazama sinema za Hong Kong, mtu mmoja akitutafsiria kwa kipaza sauti. Tukitoka nje kila mmoja anarusha mateke. Sikumbuki mtoto hata mmoja aliyetoka akijifunza kuanguka. Kosa hilo nilikua nalo. Nilipoanza kupanga mapigano yangu mwenyewe niliwachukua wanaorusha teke likafika juu ya kichwa, na kila nikitazama tulichopiga naona teke zuri linaloelea hewani, na mtu mwingine amesimama pembeni kama anasubiri daladala.

Jackie Chan na Sammo Hung, nyota wa sinema zile, walilelewa kwenye shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong. Mtoto wa pale alifundishwa sarakasi na kuanguka kabla hajawa nyota wa chochote. Nilipolijua hilo niliacha kutafuta wapigaji. Nikaanza kutafuta watu wa sarakasi, na Dar hii wapo mitaani kwetu.

Ndivyo nilivyompata binti wa mama ntilie tunayekula kwake. Ana miaka 19, alijifunza sarakasi mchangani. Ukimrushia ngumi, mwili wake wote unajibu: shavu linageuka, bega linafuata, kiuno kinakata, mguu wa nyuma unapoteza ardhi. Vyote kwa mpangilio huo, kama kamba inayotikiswa. Ngumi yenyewe inapita shibiri moja mbele ya uso wake. Kamera ikikaa nyuma ya bega la mpigaji, ile shibiri haionekani kabisa. Kazi yote iliyobaki ni ya kichwa chake: akigeuka mapema inaonekana amekwepa, akichelewa inaonekana tunaigiza. Koti lake tulilipaka unga wa muhogo mgongoni, kwa hiyo teke likifika linatoa vumbi, na mtazamaji analiona pigo hata kama mguu umegusa kitambaa tu.

Tunapiga kwa mwendo wa chini kidogo, nikihariri naongeza kasi kama asilimia 9. Wale wa Hong Kong mara nyingi waliimaliza kazi hiyo ndani ya kamera, wakipiga fremu (picha moja moja) 22 kwa sekunde badala ya 24, kisha zikaonyeshwa kwa 24. Ukizidisha, watu wanakuwa kama kuku wanaodonoa. Sauti nitazifanya kesho kwa taulo bichi sakafuni na mabua makavu ya mahindi.

Sasa lile linaloninyima usingizi.

Kanuni yetu ni moja: hakuna ngumi kabla macho hayajakutana. Saa kumi na moja jioni jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la juu, vumbi la maranda linang'aa, na nilijua tuna dakika chache. Nikasema, "Mara moja zaidi, haraka." Kijana mpigaji akarusha ngumi. Binti alikuwa bado anafuta jasho jichoni. Ngumi ikampata mdomoni. Damu haikuwa nyingi, lakini godauni zima lilinyamaza, na yule kijana akakaa chini palepale akishika mkono wake kama si wa kwake. Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyewaharakisha, kwa ajili ya jua ambalo kesho lingerudi.

Nilimsindikiza binti nyumbani mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akamtazama mwanawe, akamshika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga wa taa. "Si uliniambia hawagusani?"

"Nilikuambia hivyo, mama. Leo nimekosa mimi. Niliwaharakisha."

Hakunijibu. Alileta maji ya chumvi, binti akasukutua. Mimi nimesimama tu. Baadaye akasema, "Nionyeshe."

Nikamfungulia shoti za leo, zote, bila kuficha. Ilipofika ile ya teke la mgongoni, binti anaruka juu ya meza na kutua kwa bega, mama akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga. "Ni hapa alipoumia."

"Hapana mama," binti akasema. "Hapo hakunigusa."

Nikampitishia ile yenyewe. Kichwa kinatikisika kidogo, mkono unapanda mdomoni, basi. Mtu asiyejua angedhani amekumbuka kitu. Mama aliitazama mara mbili akiwa hajaona lolote, ikabidi binti amwonyeshe kwa kidole.

Shoti hiyo nimeifuta. Jumapili ijayo hatupigi picha. Tutakutana kufanya zoezi la macho tu, na mama amesema atakuja kukaa.