Ripoti ya mgongo isiishie kwa "pingili imevunjika"

Mimi nasoma picha za mgongo hospitalini, na ripoti ikisema "pingili ya L1 imevunjika" (pingili ni mfupa mmoja wa uti wa mgongo, L1 ni ya kwanza ya kiuno) halafu nukta, basi, inaniuma kweli, manake daktari wa upasuaji hawezi kuamua kitu nayo. Hapa Malindi tunaletewa watu wa boda, tunaletewa wakwezi walioanguka minazi, na mtu akitoka kule juu akatua kwa makalio au kwa miguu, uzito wote unashukia pale mbavu zinapoishia, kati ya T11 (pingili ya kumi na moja ya kifua) na L2 (ya pili ya kiuno), juu yake mgongo umeshikwa na mbavu na chini unacheza, hapo katikati ndipo panavunjika. (Akitua kwa miguu mwangalieni na visigino jamani.)

Sasa tangu 2005 kuna kipimo kinaitwa TLICS, kinajumlisha pointi za vitu vitatu: umbo la mvunjiko, kano za nyuma ya mgongo (kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa), na hali ya mishipa ya fahamu. Jumla ikiwa 3 kushuka chini kwa kawaida hapasuliwi, 5 kwenda juu anapelekwa tieta, 4 ni uamuzi wa daktari. Viwili kati ya hivyo vitatu vinatoka kwa picha, yaani ni vyetu sisi tunaozisoma.

Chukua pingili iliyopasuka vipande kwa kugandamizwa, hiyo ni 2. Miguu inasonga, mkojo uko sawa, 0. Imebaki kano. Nikisema nzima, jumla 2, anatibiwa bila kisu. Nikisema nazishuku, 4. Nikisema zimekatika, 5. Mtu ni yule yule na mfupa ni ule ule, kilichobadilika ni sentensi yangu moja!

Kwa CT, picha ya eksirei ya vipande vipande, kano zenyewe hazionekani vizuri, unazisoma kupitia mifupa, miiba ya nyuma (zile ncha za mifupa unazozigusa mgongoni) imeachana kuliko ya jirani? Viungo vidogo vya pembeni vimetengana? MRI, picha ya sumaku, ndiyo inaonyesha ule mstari mweusi wa kano ukikatika, lakini weupe wa uvimbe peke yake usikufanye uandike kano imekatika. Nikishuku naandika nashuku, na kwa nini, manake kumsafirisha mtu mpaka Mombasa kwa sababu ya sentensi yangu, kilomita kama 120, amelala chali hivyo, si jambo dogo kwa familia.

Na nyinyi wa kasualti, nawaomba sana, msiniandikie "maumivu ya mgongo" pekee. Anasogeza vidole? Anahisi ukimgusa? Mkojo je? Hiyo pointi ya tatu mnayo nyinyi, mimi kwa picha siioni.