Kuku wangu alipokosa mnunuzi

Kanisani kwetu hapa Bweyale, Uganda, ibada haijaisha mpaka mnada uishe. Si kila mtu ana pesa mkononi kila Jumapili, kwa hiyo watu huleta walicho nacho kiwe sadaka: debe la mahindi, mayai kwenye bakuli, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Baada ya baraka, mzee wa kanisa anasimama mlangoni, anainua kitu juu, na bei zinaanza kuitwa. Kwa Kiswahili, maana hapa Mwacholi, Mlugbara, Mnyoro na Mkongomani wa kambi ya wakimbizi hawana lugha nyingine ya kugombea jogoo. Mimi nilikikuta Kiswahili nyumbani. Baba alikuwa askari, nikakulia kambi ya jeshi Jinja.

Mwaka jana, Jumapili ya mavuno, nilikuwa na jogoo mwekundu, mzito, wa kuuzwa kabla ya Krismasi. Nilikuwa pia na tetea mzee aliyeacha kutaga, jicho moja limeziba. Nikampeleka tetea. Njiani nikajiambia kwamba Mungu anaangalia moyo.

Mzee akamwinua. Kuku akaning'iniza shingo kama nguo kuukuu. "Elfu kumi na tano!" Kimya. "Kumi!" Kimya. Mtoto mmoja nyuma akapaza sauti, "Huyo haoni!" Kanisa zima likacheka, mchungaji naye akaziba mdomo kwa Biblia. Mwishowe nikamnunua mwenyewe kwa elfu tano, nikarudi naye nyumbani kwapani, nikisalimiana na watu barabarani kana kwamba nimetoka sokoni.

Msitarajie niseme kwamba jogoo alikufa kwa kideri wiki iliyofuata. Hakufa. Nilimuuza vizuri, na hela ikalipa karo. Kilichoniuma kilikuwa Malaki sura ya 1, mahali nabii anapowauliza makuhani wanaotoa mnyama kipofu na kilema: haya, mpelekee liwali wako, uone kama atakupokea. Nikamfikiria RDC wetu, mwakilishi wa Rais wilayani, akifungua mlango na kukuta nimemshika yule tetea. Tena si lazima awe RDC. Mama mkwe akija tu, jogoo huchinjwa kabla hajamaliza kuvua viatu, na sipigi hesabu.

Lakini kutoa kilicho bora naona ni rahisi kuliko kutoa cha kwanza. Sisi tunaochoma mahindi kando ya barabara ya Karuma tunajua. Tunapanda Machi, na Juni mabichi yanapoanza kukomaa, basi la Gulu au Arua likisimama, hindi moja ni shilingi 1,000. Wiki tatu baadaye kila mtu anayo, na abiria wanataka mawili kwa bei hiyo. Kwa hiyo la kwanza ndilo lenye hela. Halafu, siku unayolichuma, mengine bado yako shambani, na hujui kama yatafika. Mwaka 2017, viwavijeshi walipotuvamia, aliyetoa mahindi yake ya kwanza alikuwa ametoa karibu yote.

Ndiyo maana Walawi 23 imenishika. Waisraeli walikatazwa kula mkate, nafaka ya kukaanga hata masuke mabichi ya mavuno mapya, mpaka mganda wa kwanza upelekwe kwa kuhani. Ulikuwa wa shayiri, maana ndiyo iliyotangulia kuiva. Masuke mabichi! Mwandishi alitujua sisi wenye jiko la mkaa.

Kuna wahubiri ambao kila Januari huligeuza neno malimbuko, yaani mazao ya kwanza yanayotolewa kwa Mungu, kuwa mshahara wote wa kwanza, uletwe kwenye bahasha, na wewe utarudishiwa maradufu. Mimi huwauliza kimoyomoyo kama wamesoma Kumbukumbu la Torati 26 mpaka mstari wa 11. Baada ya kikapu kuwekwa mbele ya madhabahu, mtoaji anaambiwa afurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kwake. Mgeni. Hapa kwetu, na kambi ya Kiryandongo iko jirani, neno hilo halihitaji mahubiri marefu.

Juni hii nilichuma mahindi ishirini ya kwanza, yale ya karibu na kichuguu, yaliyonenepa. Kitinda mimba wangu alikuwa ameshawasha jiko. "Mama, hata moja?" Nikamwambia Jumatatu. Alinuna mpaka kanisani. Kwenye mnada yakaenda kwa 18,000, akayachukua dereva wa boda, akampa mama mmoja wa kambini aliyekuwa ameitia 6,000 tu na kunyamaza. Mwanangu aliyahesabu yote ishirini yakiondoka.

Jumatatu tulikula matano.

Yule tetea bado yupo. Hatagi, haoni vizuri, na kila nikishika kisu nakumbuka kile kicheko.